Uzamivu Wangu na Miezi Mitupu

Siku yangu ya kwanza kazini kama mhadhiri msaidizi, Mwenyekiti wa Idara alinipokea mlangoni mwa ofisi yake, kikombe cha chai mkononi na rundo la karatasi za mtihani kwapani. Nilikuwa nimetoka kwenye maabara ya kukagua samaki, nilikofanya kazi tangu ujana wangu, na chuo chetu cha Kisumu kilikuwa kinatafuta mtu wa kufundisha ubora wa chakula. Nilikuwa mtu mzima tayari, mama wa watoto wanne, na viatu nilivyonunua kwa ajili ya siku hiyo vilikuwa vinanibana.

"Karibu, Mama Otieno," alisema. "Meza yako ni ile pale dirishani. Kwenye jengo hili tuko watu wa aina mbili: wanaosoma uzamivu, na waliousoma wakachoka. Utachagua mwenyewe."

Nilicheka kwa adabu. Sikujua kwamba alikuwa anajisema yeye.

Nyinyi vijana mnaoanza kazi hii leo mmekuta mambo mengi yamenyooka, kwa hiyo acheni niwaeleze ilivyokuwa. Mhadhiri msaidizi alikuwa mtu wa ngazi ya chini. Una shahada yako ya uzamili, unafundisha, unasahihisha, unasimamia maabara, lakini hupandi mpaka upate uzamivu, ile shahada ya juu kabisa inayomfanya mtu aitwe daktari bila kushika sindano. Uzamivu wenyewe haukupewa nafasi kwenye saa za kazi. Ulitakiwa uusome pembeni, kama mtu anayefuga kuku nyuma ya nyumba huku ameajiriwa mjini. Kisha chuo kikatangaza kwamba ambaye hatakuwa nao kufikia mwisho wa mkataba wake, mkataba huo hautaongezwa. Na usajili wa uzamivu nao una mwisho: ukipita, jina lako linaondolewa, unaanza upya kama hujawahi kuandika hata neno moja.

Nilijisajili. Utafiti wangu ulihusu omena, wale samaki wadogo ambao watu wa pwani huwaita dagaa. Nilitaka kujua kwa nini omena wengi wanaoanikwa wakati wa mvua huharibika na kuishia kuwa chakula cha kuku, na kama kuwaanika juu ya vichanja vya mbao na wavu, badala ya kuwatandaza chini, kungewaokoa. Swali lilikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kwenye kalenda. Wakati wa mvua kubwa uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane, kwa hiyo mvua niliyobaki nayo ilikuwa ni ile ya vuli peke yake. Ilibidi nipate vuli mbili na viangazi viwili. Nikikosa vuli moja, nimepoteza mwaka.

Aliyepewa kuniongoza, yaani msimamizi wangu, alikuwa Profesa mmoja mfupi, mzaliwa wa upande wa Bondo, aliyezungumza polepole hata akiwa amekasirika. Nilimpelekea chati yangu ya kazi. Chati hiyo ni karatasi kubwa: shughuli zimeandikwa upande wa kushoto, miezi juu, na kila shughuli ina mstari wake unaoonyesha inapoanza na inapoishia. Nilikuwa nimeipaka rangi. Hapakuwa na mwezi hata mmoja uliokaa bure, na niliionea fahari.

Profesa aliitazama kwa muda mrefu.

"Mama Otieno, mama mkwe yuko hai?"

"Yuko, Profesa. Yuko Awasi."

"Mashemeji? Majirani? Watu wa kanisani?"

"Wapo wote."

"Kwenye karatasi hii hakuna anayeugua. Hakuna anayefiwa. Mvua inanyesha siku uliyoiambia inyeshe, na mimi mwenyewe nasoma sura zako siku ileile unayoniletea. Hiyo nchi iko wapi? Nataka nihamie."

Nilitamani sakafu inimeze. Akachukua penseli, na katika kila robo ya mwaka akafuta kila kitu kilichokuwa kwenye mwezi mmoja.

"Hii ni miezi mitupu," alisema. "Usiandike chochote hapa."

"Na kama hakuna litakalotokea?"

"Basi utalala usingizi. Lakini litatokea."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Niliona kama mtu ameingia shambani kwangu akang'oa mahindi ili kuacha nafasi ya magugu. Mume wangu, Baba Otieno, ambaye ni fundi wa umeme, aliitazama karatasi akasema, "Sisi tukivuta waya ndani ya nyumba hatuukazi mpaka ukakata. Tunaacha kidogo." Hata yeye sikumshukuru siku hiyo.

Kabla ya kugusa omena hata mmoja ilinibidi nipite kwenye vibali. Kwanza unaandika pendekezo la utafiti, maelezo ya unachotaka kufanya na utakavyokifanya, na unalitetea mbele ya idara na kitivo. Halafu unaomba kibali cha maadili, kinachothibitisha kwamba hutawadhuru wala kuwadanganya watu utakaowachunguza. Halafu kibali cha serikali. Halafu unajitambulisha kwa kaunti, kwa chifu, na kwa kamati ya ufuo. Kila ofisi ina kikao chake, na kikao kikiahirishwa, umeahirishwa nacho. Wenzangu wengi walikaa wakingoja vibali kama watu waliokaa hospitalini wakingoja kuitwa. Profesa alinikataza hilo. "Kazi moja ikiwa mezani kwa mtu mwingine," aliniambia, "nyingine iwe mezani kwako." Basi wakati vibali vinazunguka nilisoma maandishi ya waliotangulia, nikatengeneza hojaji, na nikafanya mazoezi ya vipimo vyote vya maabara mpaka mikono ikazoea. Vibali vilipotoka, sura yangu ya pili ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Mwezi mtupu wa kwanza ulikwenda Awasi. Mama mkwe wangu alifariki.

Kwetu mazishi si jambo la siku moja, na mimi ndiye niliyekuwa mke wa mtoto wake wa kwanza. Nilipika, nilipokea wageni, nililala chini na wanawake wenzangu, nilimlilia mama yule aliyenifundisha kusonga ugali wa mtama. Kompyuta niliiacha Kisumu. Nilimlilia bila kuangalia saa, na hiyo, nawaambia, ni raha ambayo mwanafunzi mwenye ratiba iliyojaa haipati. Yeye hulia jicho moja, la pili liko kwenye tasnifu.

Baada ya mazishi familia ilikaa kikao. Shemeji yangu anayemfuata mume wangu, mtu wa maneno makali, alisimama.

"Mama Otieno," alisema, "sasa mama hayuko, wewe ndiye mama wa boma hili. Hayo masomo ya uzeeni uyaache. Kila Jumamosi tutakuhitaji hapa."

Baba Otieno hakuwa mtu wa kuzungumza kwenye vikao, hata nyumbani kwetu maneno yake yalikuwa machache. Lakini aliinuka, akavua kofia.

"Ndugu zangu, mke wangu amekaa hapa mwezi mzima. Kuna aliyemwona akiharakisha? Kuna chungu alichokiacha motoni?"

"Hapana," wanawake wakajibu.

"Basi ametupa wakati wake wote. Sasa na sisi tumpe wa kwake. Mpaka amalize masomo, ya Jumamosi mtaniita mimi. Nitakuja. Nikishindwa kupika, mtanicheka."

Walicheka palepale, na shangazi mmoja mzee akasema, "Ber," yaani ni vyema. Likapita. Tangu siku hiyo Baba Otieno alikwenda Awasi kila alipohitajika, na kweli alijifunza kupika, ingawa sitasema kwamba alipika vizuri.

Mwaka uliofuata wahadhiri waligoma. Madarasa yakasimama kwa miezi, na mgomo ulipokwisha, chuo kikabana masomo ili kufidia muda uliopotea. Likizo ya mwisho wa mwaka ikafutwa. Vuli yangu ya kwanza ikawa imeangukia katikati ya madarasa, na mwezi mtupu wa robo hiyo haukutosha kuikomboa vuli nzima.

Nilijua nikienda kwa Mwenyekiti mikono mitupu atanikatalia. Kwa hiyo nilianza kwa mwenzangu, Bwana Kiprono, aliyefundisha teknolojia ya chai na aliyekuwa na uzamivu wake uliokwama.

"Bwana Kiprono, nishikie madarasa yangu yote, ya Alhamisi na Ijumaa, mpaka mvua ziishe."

"Na mimi nitapata nini?"

"Muhula ujao nitakushikia maabara zako zote za siku hizohizo. Nenda Kericho ukamalize chai yako."

Alinitazama kama aliyeambiwa habari njema asiyoiamini. "Maabara zote?"

"Zote."

Tukaiandika ratiba ya wote wawili kwenye karatasi moja, tukaenda nayo kwa Mwenyekiti. Aliisoma huku ameisogeza mbali na macho, maana miwani aliisahau nyumbani kila siku.

"Hapa kazi ni kufundisha," alisema. "Uzamivu ni mambo yenu ya binafsi. Nikiwaruhusu nyinyi, kesho idara nzima itakuja, kila mtu na samaki wake."

"Waje, Mwenyekiti," nilijibu. "Kila mmoja aje na karatasi kama hii, aonyeshe nani atashika darasa lake na yeye atashika la nani. Hakuna mwanafunzi atakayekosa somo hata moja. Ukikuta darasa halina mwalimu, nirudishe siku hiyohiyo."

"Na mvua ikichelewa?"

"Nina mwezi mtupu mwishoni mwa vuli. Sijauandikia chochote."

Hapo alishusha karatasi. Akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwezi mtupu? Nani alikufundisha?"

Nilimtajia Profesa. Akatazama dirishani, kisha akatia sahihi. "Nendeni," alisema. "Nendeni kabla sijabadilisha mawazo."

Hivyo ndivyo nilivyofika Port Victoria, bandari ndogo ya wavuvi ziwani, na mvua za vuli zikaanza nikiwa palepale ufuoni.

Wanawake niliofanya nao kazi walikuwa wanunuzi na waanikaji wa omena, na kiongozi wao aliitwa Mama Nabwire, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya maji. Yeye ni Mnyala, mimi ni Mjaluo, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Tulijenga vichanja pamoja. Kila asubuhi tuligawanya samaki wa mtumbwi mmoja katika mafungu mawili, fungu moja likaanikwa chini kama desturi, jingine juu ya kichanja. Nilipima maji yaliyobaki ndani ya samaki, nikachukua sampuli za maabara, nikauliza maswali ya hojaji. Nilijipangia pia siku zangu: asubuhi ni ya samaki, mchana ni ya kuingiza takwimu za asubuhi hiyo kwenye kompyuta. Hilo lilikuwa agizo la Profesa. Wenzetu waliokusanya takwimu msimu mzima bila kuziingiza waligundua makosa baada ya msimu kwisha, na msimu hauitwi ukarudi.

Vuli ya kwanza ilitimia. Viangazi vyote viwili vikatimia. Nilimshikia Bwana Kiprono maabara zake kama nilivyoahidi, naye akarudi kutoka Kericho akipiga mluzi kwenye korido.

Vuli ya pili ndiyo iliyotaka kunivunja. Kazi ilikuwa imefika katikati, nami nimerudi Kisumu kufundisha siku zangu mbili, Mama Nabwire aliponipigia simu.

"Mwalimu, ziwa limehamia kwetu."

"Limehamia vipi?"

"Limekuja mpaka mlango wa duka. Uwanja wa kuanikia haupo. Vichanja vyako vinaogelea."

Nilipofika nilikuta maji yametulia juu ya mahali tulipokuwa tukisimama, yanang'aa kana kwamba yamekuwapo siku zote. Baadhi ya familia zilikuwa zimehamia shuleni. Nilimwambia Mama Nabwire kwamba nisingewasumbua tena na utafiti, kwamba kila mtu ashughulike na nyumba yake kwanza.

"Nyumba yangu iko juu, haikuguswa," alisema. "Na hawa wengine wanataka kuuza samaki ili wajenge. Uwanja wa kanisa kule mlimani uko wazi, tumeshamwomba mchungaji. Wewe una wakati, au unakimbilia Kisumu?"

Nilifungua mkoba nikatoa ile chati, ambayo rangi zake zilikuwa zimefifia. Mwezi uliofuata, wa likizo, ulikuwa mweupe. Sijawahi kufurahia karatasi tupu namna ile.

"Nina mwezi mzima, Mama."

"Basi tupande."

Tulipanda. Wanawake wale walibeba mbao vichwani, tukajenga vichanja vipya kwenye uwanja wa kanisa, na mvua zikaendelea kunyesha kama zilizotumwa. Tulirudia vipimo vyote tangu mwanzo pale juu, ili sehemu mbili zisichanganyike. Na hapo ndipo jambo lilipojionyesha waziwazi. Kwenye upepo wa mlimani, samaki wa vichanjani walikauka hata katikati ya mvua, wakawa wanang'aa kama fedha. Wa chini wakawa weusi. Wanunuzi kutoka mjini walipokuja walipita wale wa chini bila kuinama. Mama Nabwire alipiga makofi. "Sasa hata ziwa likirudi nyumbani kwake," alisema, "sisi hatushuki tena."

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kuandika, na hapo adui ni mwingine. Profesa alikuwa ameteuliwa kuwa naibu mkuu wa chuo kingine, na sura zangu zikaanza kulala mezani kwake. Wanafunzi wengi wakifika hapo hukaa wakimwogopa msimamizi, miezi inapita, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayechelewesha. Mimi nilimwendea.

"Profesa, ulifuta miezi yangu kwa penseli. Sasa naomba nikuwekee na wewe siku. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi nitakuja ofisini kwako. Kabla ya hapo nitakutumia ukurasa mmoja: nilichofanya, ninachouliza, nitakachofanya. Sura ukiwa hujaisoma, tutaisoma pamoja pale, mimi nikikusomea kwa sauti."

Alicheka mpaka miwani ikashuka. "Unanisimamia?"

"Mmoja wetu lazima asimamiwe, Profesa."

Mara mbili nilimsomea kwa sauti kweli, sekretari akitusikiliza mlangoni. Baada ya hapo nilikuta sura zimesomwa kila mara.

Mahali pa kuandikia palikuwa tatizo jingine. Nyumba yetu haikuwahi kukosa wageni. Mke wa mchungaji wetu ndiye aliyenipa chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, kinachokaa bure siku za wiki. Tasnifu yangu yote, kurasa zote mnazoziona maktabani, niliiandika nimekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamekaribia kidevu, ukutani kumechorwa twiga na simba wakiingia safinani. Niliandika asubuhi kabla ya madarasa, na nilijizoeza kuacha nikiwa bado najua sentensi inayofuata, ili kesho yake nisianze na ukurasa mweupe. Siku nilipoandika neno la mwisho la hitimisho nilisimama, mgongo ukalia, nikacheza peke yangu mbele ya wale wanyama.

Utetezi ulifika. Ni kikao ambamo mwanafunzi anaitetea tasnifu yake mbele ya jopo, akiwemo mtahini wa nje, mtaalamu kutoka chuo kingine asiyekujua wala kukuonea haya. Wangu alikuwa mama mmoja mkali, aliyekuwa amebandika vipande vya karatasi ya manjano kwenye kila ukurasa wa nakala yake.

"Mtafiti," alisema, "katikati ya msimu wa mwisho umehama kutoka ufuoni hadi mlimani. Wengi wangeunganisha takwimu za sehemu mbili na kuficha. Wengine wangeacha. Kwa nini nikuamini?"

"Kwa sababu sikuunganisha, Daktari. Nilianza upya mlimani, kipimo kwa kipimo. Takwimu za ufuoni ziko kwenye jedwali lao, za mlimani kwenye lao."

"Muda wa kuanza upya ulitoka wapi? Misimu haingoji."

"Niliupanga kabla sijajua nitauhitaji."

Alinitazama, kisha akaanza kung'oa vile vipande vya manjano, kimoja baada ya kingine, akiviweka pembeni. Nilielewa nimeshinda kabla hawajanitoa nje. Waliponiita tena, mwenyekiti wa jopo alisema, "Hongera, Daktari," na kabla sijajibu, vigelegele vililipuka kwenye korido. Mama Nabwire na wenzake walikuwa wamesafiri kutoka Port Victoria tangu alfajiri, na askari wa lango alikuwa ameshindwa kuwazuia. Waliingia na khanga wakanitandikia sakafuni nitembee juu yake. Baba Otieno alisimama kando na kofia yake mkononi, akilia bila kujificha.

Wiki iliyofuata mlango wangu uligongwa. Alikuwa Mwenyekiti wa Idara, ambaye muhula wake wa uenyekiti ulikuwa umekwisha. Alikaa kwenye kiti cha wanafunzi.

"Usajili wangu ulifutwa zamani," alisema. "Nilikuwa nimebakiza sura mbili. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Daktari, utanichukua?"

Yeye aliyenionyesha meza yangu! Nilimwambia alete chati. Alileta, na ilikuwa imejaa kama yangu ya kwanza. Nilipofuta miezi kwa penseli alinijia juu.

"Mtu wa umri wangu hana miezi ya kutupa!"

"Ndiyo maana, Mwalimu. Mwenye michache ndiye anayeilinda."

Aliugua katikati ya safari, akakaa hospitalini, na mwezi mtupu ukambeba. Kila Ijumaa yake alikuja, akagonga mlango hata ukiwa wazi, akasoma. Alivaa joho jekundu la uzamivu mwaka mmoja kabla ya kustaafu, na mama yake, ajuza wa kubebwa kitini, alimshika mashavu mbele ya umati kama mtoto wa chekechea.

Baadaye mimi mwenyewe niliteuliwa Mkurugenzi wa Shahada za Juu, ofisi inayosimamia uzamili na uzamivu wote wa chuo. Niliweka utaratibu kwamba hakuna pendekezo linalopitishwa bila miezi mitupu, na kwamba msimamizi akipokea sura anataja siku atakayoirudisha. Baadhi ya maprofesa walinung'unika. Wakazoea. Wanafunzi walianza kumaliza, mmoja, halafu kundi, halafu ikawa ni desturi ya chuo chetu kumaliza.

Sasa nimestaafu, naishi karibu na Bondo, na vijana huja kuniuliza nilipataje muda. Nawajibu kwamba sikuupata kwenye saa. Mume wangu alinipa Jumamosi zake. Kiprono alinipa Alhamisi na Ijumaa. Mke wa mchungaji alinipa asubuhi, na wanawake wa Port Victoria walinipa msimu mzima wakati wao wenyewe walikuwa wamepatwa na maji. Muda wa uzamivu unaombwa kwa watu, kwa jina, na unarudishwa kwao. Anayejifungia chumbani akidhani atauunda peke yake huchoka njiani, hata awe na akili namna gani.

Siku chuo kiliponiaga, ukumbi ulijaa, na mshereheshaji akaniomba hotuba fupi. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, lakini nilipotazama zile nyuso niliyaacha mezani.

"Kila aliyemaliza uzamivu wake mikononi mwangu au katika ofisi yangu," nilisema, "naomba asimame."

Viti vikaanza kusogea. Wakainuka mbele, wakainuka pembeni, wakainuka mpaka safu ya nyuma karibu na mlango. Wauguzi, walimu, wataalamu wa mazao, Bwana Kiprono na tai yake iliyopinda. Wa mwisho alikuwa Mwenyekiti wangu wa zamani, ambaye magoti yake siku hizo yalikuwa yamedhoofika. Alishika kiti cha mbele yake, akajiinua kidogo, akapumzika, akajiinua tena. Hakuna aliyempigia makofi ya kumharakisha, wala mshereheshaji hakushika kipaza sauti. Ukumbi mzima ulimngoja mpaka akasimama wima.